Kumpiga mbwa wa mbegu eksirei ya nyonga na kupata cheti cha OFA

Hapa Marekani, mnunuzi mjanja wa kitoto cha German Shepherd anauliza namba za OFA za baba na mama kabla ya kuuliza bei. OFA, taasisi ya mifupa ya wanyama yenye makao yake Columbia, Missouri, imekuwa ikisoma picha za nyonga tangu 1966, kutafuta kiungo kilichoumbika vibaya. Mimi hufanya hivi.

Hatua ya 1: Subiri umri. Cheti hutolewa mbwa akifikisha miezi 24. Kuanzia miezi 4 unaweza kupata usomaji wa awali, ila huo si cheti. Jike akiwa kwenye joto, muache kwanza: homoni huweza kulegeza kiungo, na nyonga nzima ikaonekana mbovu. Acha wiki 3 au 4 kabla au baada ya joto, na muda kama huo baada ya kuachisha watoto kunyonya.

Hatua ya 2: Chipu ya utambulisho iliyo chini ya ngozi ya mbwa. Daktari aisome mwenyewe kwa mashine siku hiyohiyo. Jina la mbwa au namba yake ya usajili, tarehe na jina la kliniki vionekane ndani ya picha yenyewe.

Hatua ya 3: Picha. Hapa ndipo pesa hupotea. OFA hailazimishi dawa ya usingizi, lakini mbwa wa kilo 35 aliyeogopa hanyooki, kwa hiyo mimi hukubali atulizwe, na huja tumbo likiwa tupu. Analazwa chali, miguu ya nyuma inavutwa ikanyooka sambamba, kisha magoti yanazungushwa kwa ndani mpaka pia ya goti ikae katikati ya fupa la paja.

Kabla hajaamka, omba uione picha. Tazama matundu mawili ya fupanyonga, kushoto na kulia. Yakilingana, sawa. Moja likiwa pana na jingine jembamba, mbwa ameegemea upande mmoja: nyonga moja itaonekana imeingia vizuri, ya pili imetoka. Picha ya jike wangu wa kwanza ilirudishwa kwa kosa hilo, nikalipa kliniki mara ya pili. Siku hizi siondoki bila kulinganisha matundu, hata daktari akinikunjia uso.

Hatua ya 4: Fomu ya OFA, inayotumwa pamoja na picha. Kuna mahali pa kuweka herufi za jina lako kuruhusu majibu mabaya nayo yatangazwe. Mimi huweka. Anayekataa ana haki yake, lakini dume lake silipandishi kwangu.

Hatua ya 5: Majibu. Wataalamu watatu wa eksirei huisoma picha, kila mmoja peke yake. Madaraja ni saba: bora kabisa, nzuri, ya kuridhisha, ya mpakani, kisha kasoro ndogo, ya kati na kubwa. Mmoja akisema bora kabisa, wa pili nzuri, wa tatu ya kuridhisha, jibu ni nzuri. Matatu ya juu tu ndiyo hupewa namba. Wa mpakani rudia baada ya miezi 6.

Namba yenyewe inasomeka. Ikianza na GS ni German Shepherd. Baada ya hapo, G27F maana yake nyonga nzuri, miezi 27, jike. VPI mwishoni ni kwamba chipu ilihakikiwa. Ukishaisoma, ingia kwenye tovuti ya OFA uangalie na ndugu zake wa tumbo moja. Jike mwenye nyonga nzuri ambaye ndugu zake watatu wameanguka, mimi simpandishi.