Unatamani simu ijifunge yenyewe ikikwapuliwa? Washa hivi

Kila mtu Dar ana lake, huyu anataka chaji ya siku tatu yule anataka tochi kali, ila kaa kituoni Buguruni usikilize, wengi wanatamani simu ikikwapuliwa na mtu wa pikipiki ijifunge yenyewe. Sasa hiyo kitu ipo, Google waliitoa 2024 kwa Android 10 kwenda juu, ni vile tu seting hatuziingii.

Fungua seting, pale pa kutafutia andika theft, ikija Theft Detection Lock washa. Ikihisi imenyakuliwa ghafla na mtu anakimbia nayo, skrini inajifunga. Haishtuki kila mara lakini, kwa hiyo usije ukaanza kuchati dirishani mwa daladala kwenye foleni ya Ubungo eti una ulinzi.

Halafu weka pini ya laini, yaani namba ya siri ambayo laini inaidai ikipachikwa simu nyingine, hii wengi wanairuka na kwangu ndo muhimu kuliko zote. Mwizi hahangaiki na skrini yako, anachomoa laini anaipachika kwenye kitochi chake, meseji zote za kuthibitisha akaunti zinaingia kwake na ndugu zako wanaanza kuombwa hela. Tafuta SIM lock humohumo kwenye seting. Pini ya mwanzo waulize mtandao wako, usibahatishe, ukikosea mara 3 inadai PUK, ile namba ndefu ya kufungulia laini, na PUK ukiikosea mara 10 laini imekufa.

Mwisho piga *#06#, hizo namba za IMEI, yaani utambulisho wa simu yako, ziandike kwenye daftari nyumbani, sio kwenye simu hiyohiyo jamani, ukienda polisi kuchukua RB, ile namba ya taarifa yako ya wizi, utazihitaji.