Kuizoea CPAP ndani ya nyumba yenye watu

Mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kwa bomba na barakoa kwa mtu ambaye pumzi hukatika usingizini, ikiingia nyumbani, usingoje usiku ndipo uivae. Usiku umechoka na kila mtu anataka kulala. Barakoa ikikubana saa hiyo utaivua kwa hasira, na kesho yake utaiogopa. Mimi niliianza mchana, nimekaa kitini nakunja nguo. Kwanza niliishika barakoa kwa mkono mbele ya pua, mikanda ikining'inia tu. Ilipoacha kunisumbua nikafunga mikanda. Nikatulia nayo hivyo, kisha nikaunganisha bomba, nikawasha mashine, nikaendelea na shuka zangu. Mikono ikiwa na kazi, akili haikai kuhesabu kila pumzi. Funga mdomo, acha hewa iingie kwa pua, toa taratibu. Kwa barakoa ya pua, ukifungua mdomo kuongea hewa itakutoka kwa kasi na utashtuka. Usijali, ufunge tena.

Mashine nyingi zina mpango wa kuanza na hewa kidogo na kupanda polepole mpaka kiwango alichoandika daktari. Omba uwashiwe. Unasaidia sana kipindi kile unachotafuta usingizi. Lakini kiwango chenyewe usikiguse. Kimepangwa kwa koo lako, na kubahatisha kunaweza kurudisha tatizo lile lile.

Ni vizuri watu wa nyumbani waelewe mashine inafanya nini kabla hawajaiona usoni mwako. Mama mkwe aliponiona mara ya kwanza alishika kifua, maana kwake mtu wa kuwekewa oksijeni ni mahututi. Nikamketisha nikamweleza: mama, hii si oksijeni, ni hewa hii hii ya chumbani. Nikilala, misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inajifunga, pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo unanishtua nipumue, halafu inaanza upya. Mashine inasukuma hewa kwa nguvu ndogo isiyokatika, na hewa hiyo inaishikilia njia isijifunge. Basi. Nilimwambia pia si jambo la juzi: Daktari Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia, waliieleza tiba hii mwaka 1981. Aliuliza, "Kwa hiyo ule mkoromo wako ndio ulikuwa huo?" Ndio huo, mama. Tangu hapo yeye ndiye anayewanyamazisha wengine wakianza kunishangaa.

Daktari huhesabu mara ambazo pumzi inakatika au kupungua kwa kila saa ya usingizi. Kuanzia 5 mpaka chini ya 15 ni hali nyepesi, 15 mpaka chini ya 30 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Mimi nilikuwa kwenye hilo kundi la mwisho. Kwa wanawake wengi dalili si mkoromo mkubwa. Ni uchovu usioisha, kichwa kuuma asubuhi, na usingizi wa kukatika-katika ambao kila mtu anausingizia kazi za nyumbani. Ndiyo maana nasisitiza watu wa nyumbani waelewe. Ukishaeleweka, hakuna atakayekuambia "leo pumzika, usivae hiyo mashine."

Mtoto wa miaka minne ana hofu ya aina yake. Usimfiche barakoa. Nilimwekea bomba kiganjani akasikia upepo, akacheka, akataka tena. Siku hizi kubonyeza kitufe cha kuwashia ni kazi yake, anaifanya kwa uzito kabisa kabla hajaenda kitandani kwake. Mipaka ni miwili: barakoa haivai yeye hata kwa mchezo, na bomba halichezewi, maana linaweza kumzunguka shingoni.

Sasa barakoa yenyewe, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Ipime ukiwa umelala, mashine ikiwa inafanya kazi, kwa sababu uso wa mtu aliyelala si sawa na uso wa aliyekaa. Ikivuja, mkono utataka kukaza mikanda. Usikaze kwanza. Ivute barakoa mbele kidogo kutoka usoni, acha ule mpira laini wa ndani ujae hewa, kisha irudishe taratibu ikae yenyewe. Mara nyingi uvujaji unaishia hapo. Mikanda iliyokazwa kupita kiasi inaukunja mpira na kuongeza uvujaji, na asubuhi unaamka na alama kwenye mfupa wa pua. Mafuta ya uso nayo ni adui wa barakoa: yanaitelezesha na kuuchakaza mpira. Mimi napaka mapema jioni, na kabla ya kulala naosha pale inapogusa. Nywele zikifungwa fundo kisogoni, mikanda inapanda. Zifunge juu zaidi au ziache chini. Kama unaamka mdomo umekauka kila siku, huenda unalala mdomo wazi. Waambie kliniki, zipo barakoa za kufunika pua na mdomo, na zipo ndogo za kukaa kwenye matundu ya pua tu. Kubadilishiwa ni haki yako, usione aibu kurudi.

Mume wangu alilalamikia kitu kimoja tu, upepo unaompiga usoni. Unatoka kwenye vitundu vidogo vya mbele ya barakoa, na vile havizibwi kamwe, kwa sababu ndipo hewa uliyoitoa inapopita. Tulibadilisha upande: nalala ubavu nikiwa nimempa mgongo, na bomba linapita juu ya kichwa cha kitanda badala ya kifuani. Kulala ubavu kunalisaidia koo pia. Akisikia barakoa inavuja usiku ananigusa bega bila kusema neno. Naitengeneza nikiwa nusu usingizini na kuendelea.

Mtoto akilia usiku, usivue kila kitu. Chomoa bomba pale linapoungana na barakoa, nenda kambembeleze, rudi uunganishe. Ukiivua yote na kuiweka mezani, hutaivaa tena mpaka asubuhi. Na hasara yake ni kubwa kuliko inavyoonekana: usingizi wa ndoto huwa mwingi zaidi kuelekea alfajiri, na kwa wagonjwa wengi huo ndio wakati pumzi hukatika vibaya zaidi. Anayeivua saa tisa usiku anaikosa tiba katika saa anazoihitaji mno. Kliniki nyingi huridhika ukiivaa kwa muda wa saa 4 kila usiku. Wewe lenga usingizi wote. Hata ukijilaza mchana kwenye kochi, ivae.

Mashine iweke chini kidogo kuliko kichwa chako, ili maji ya chombo cha unyevu, kile kinachoipa hewa mvuke, yasikufuate kwenye bomba, na mbali na pazia au vumbi la kufagia. Maji tumia yaliyokenekwa. Kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi zake zinabaki na kuganda kwenye chombo. Maji ya betri usiyatie kabisa, mengine yana asidi. Bomba likianza kugugumia, ujue mvuke umepoa na kuwa matone. Punguza unyevu au lipitishe chini ya blanketi. Kila asubuhi namwaga maji yaliyobaki na kuosha mpira wa barakoa kwa sabuni laini, nauanika kivulini. Bomba na chombo naviosha mara moja kwa wiki. Kichujio ukikiona kimekuwa kijivu, kibadilishe.

Umeme ukikatika hutakosa hewa. Barakoa kubwa zina vali, yaani kilango cha hewa, inayofunguka yenyewe, na kwa zile za pua mdomo wako uko huru. Vua, lala ubavu. Ukiwa na betri inayofaa kwa mashine yako, zima unyevu, ndio unaokula umeme mwingi.

Tumbo likijaa gesi asubuhi, pua ikiziba kila usiku, au ukiendelea kusinzia mchana ingawa unaivaa, mwambie daktari, na usiendeshe gari ukiwa katika hali hiyo. Pombe na dawa za usingizi zinalegeza koo, kwa hiyo dawa yoyote mpya itajwe kwake kwanza. Angalia pia namba kwenye kioo cha mashine asubuhi: zile pumzi zinazokatika zikibaki chini ya 5 kwa saa, tiba inakwenda vizuri. Zikipanda siku kadhaa mfululizo, anza kukagua uvujaji, kisha piga simu kliniki. Na ukiongezeka au kupungua uzito sana, omba kiwango cha hewa kiangaliwe upya, hata kama hujisikii tofauti.