Namna ya Kutoa Zawadi ya Krismasi kwa Kufuata Asili Yake

Kabla hujanunua chochote, wasomee watoto Mathayo 2:11, kisha uwaulize mamajusi, wale wenye hekima waliotoka mashariki, walikuwa wangapi. Wengi watajibu watatu, ilhali Injili inataja zawadi tatu tu, dhahabu, uvumba na manemane, wala haisemi waliozileta walikuwa wangapi. Ukipata chembe ya uvumba, ule utomvu wa Oman na Somalia ambao hadi leo hufukizwa makanisani, iweke juu ya kaa la moto ili wanuse wenyewe harufu ya kile alichotolewa mtoto Yesu.

Halafu wasimulie habari za Mtakatifu Nikola, askofu wa Myra, katika Uturuki ya leo, aliyeishi karne ya 4. Mapokeo yanasema kwamba baba mmoja fukara alishindwa kuwaozesha binti zake watatu, kwa kuwa huko mahari ilitoka upande wa bibi arusi, naye Nikola akawa anatupa mfuko wa dhahabu dirishani usiku, kwa kila binti mfuko wake, huku akijificha asijulikane. Kwangu mimi, kiini cha jambo lote ni huko kujificha.

Basi chagueni nyumba yenye uhitaji wa kweli, mwandae kinachohitajika hasa, kama vile unga au sare ya shule ya Januari, na msiandike jina. Usiku wa kuamkia Desemba 6, sikukuu ya Nikola, mtoto akibebe kifurushi mwenyewe, akiweke mlangoni, nanyi mwondoke kimya.