Diski pacha si nakala rudufu
Anayejenga seva ya nyumbani (kompyuta ya kuhifadhia faili) kwa kuunganisha diski mbili katika mfumo wa diski pacha uitwao RAID 1 hupata kinga dhidi ya jambo moja tu, yaani kuharibika kwa diski moja, kwa sababu kila kinachoandikwa kwenye ya kwanza huandikwa papo hapo kwenye ya pili. Ukifuta faili kwa bahati mbaya, imefutika kotekote. Programu hasidi ikizifunga faili zako, pacha naye hasalimiki. Kwa hiyo, ili uwe na nakala rudufu, tenga diski ya tatu, ya nje, utakayoichomeka mara moja kwa wiki, unakili data, kisha uichomoe na kuihifadhi mbali na seva, ikiwezekana katika jengo jingine. Mimi huandika tarehe kwa kalamu kwenye utepe uliobandikwa juu ya kasha lake, maana kichwa husahau. Kila baada ya miezi michache, rejesha folda moja kutoka kwenye diski hiyo hadi kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha mbili tatu na hati moja, kwa kuwa programu ya kunakili inaweza kutangaza kwamba kazi imekamilika ilhali folda iliyonakiliwa ni tupu.