Mlango wa mninga umepauka na jua? Usiununulie mwenzake kwanza, fanya hivi

Milango mingi ya mbele hapa Dar inatupwa ikiwa bado mizima kabisa, juu imekuwa ya kijivu, vanishi inabanduka magamba magamba, mwenye nyumba anaona aibu na wageni basi anaenda kuulizia bei ya mpya. Subiri kwanza. Chukua kisu ukwangue kidogo pale palipopauka, haifiki hata milimita moja utaona ile kahawia nyekundu ya mninga inatokea. Jua limekula ngozi ya juu tu. Ila kisu kikizama kama kwenye mkate, hasa chini kule maji yanakorukia, hiyo imeoza na hapo muone seremala akukatie kipande.

Fanya kiangazi, Juni mpaka Septemba ni safi, masika usijaribu maana mbao ikiwa na unyevu vanishi haishiki. Mlango ung'oe kwenye bawaba asubuhi na mapema, toa kitasa, ulaze juu ya stuli mbili kivulini.

Kazi yenyewe iko kwenye kukwangua, na hapa ndo watu wengi wanakwepa, wanapaka vanishi mpya juu ya magamba ya zamani halafu miezi michache tu inabanduka tena wanasema vanishi feki. Toa yote. Kwangua na skrepa, kisha msasa namba 80 mpaka kijivu kiishe, halafu 120, malizia na 180, na siku zote fuata nyuzi za mbao, ukipiga msasa kwa kukatisha mikwaruzo itaonekana vizuri sana ukishapaka. Mashine ya msasa sawa kwenye sehemu bapa ila kwenye nakshi tumia mkono tu, nakshi ikishalika hairudi. Vaa barakoa jamani, vumbi la mbao ngumu linawasha kifua. Futa vumbi kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, acha pakauke.

Sasa vanishi. Dukani usiseme tu "nipe vanishi", sema ya nje, ya mafuta, yenye kinga ya jua, ile wanayopaka boti ni nzuri zaidi. Laka ya makabati ni ya ndani, ikipigwa jua inakuwa ngumu inapasuka, na mbao inavimba na kusinyaa kila siku kwa hiyo inahitaji kitu kinachonyumbulika.

Anza na kingo, juu na chini ya mlango, pale ambapo hakuna anayepaona ndo maji yanapoingilia na mafundi wengi wanaparuka. Mkono wa kwanza wa vanishi, yaani upakaji wa kwanza, changanya na tapentaini kidogo uzame ndani, inayofuata paka kavu bila kuchanganya. Mikono mitatu minne, kila mmoja ukauke usiku kucha, katikati pitisha msasa namba 220 kwa wepesi. Usifanye juani, inatoka malengelenge. Ukipaka asubuhi, jioni haishiki tena mkononi na mlango unarudi mahali pake, kesho unaendelea nao ukiwa umesimama.

Kila mwaka vuli ikianza mwagia maji kidogo. Yakikaa matone matone uko salama, yakinywewa na mbao, pitisha 220 uongeze mkono mmoja kabla kijivu hakijarudi.