Usichome majani ya mjakaranda

Hapa Nairobi mijakaranda hupukutisha majani baridi ya Julai ikishapungua, kabla ya maua ya Oktoba. Watu hufagia, wakapiga kiberiti. Hasara tupu, maana yakiozeshwa huwa mboji. Yajaze kwenye gunia la nailoni, nyunyizia maji kila unaposhindilia tabaka, toboa matundu ishirini hivi ubavuni, funga mdomo, weka kivulini. Ukifinya konzi moja litoke tone moja au mawili, si zaidi. Kinachoozesha ni kuvu, nayo inataka unyevu na hewa. Vijani vya mjakaranda ni vidogo na vyembamba, kwa hivyo kati ya miezi sita na mwaka unapata kitu cheusi, chepesi, kinachonukia msitu. Vikonyo virefu vitoe, huchelewa mno. Hii si samadi: kazi yake hasa ni kushika maji udongoni, kwa hivyo sukuma wiki uliyopanda bado inataka mavi ya mbuzi. Kuoza hukwama gunia likikauka (lifungue kila mwezi uangalie) au ukichanganya majani ya mkaratusi, ambayo mafuta yake huchelewesha kuoza. Ya mparachichi yakatekate kwanza.