Chora mwenyewe ramani ya mahali zinapozaliwa nyota za buluu

Nyota nzito zenye joto kali, zile za aina ya O na B, hazina muda wa kutangatanga. Zinakula haidrojeni yao kwa pupa, na zilizo nzito kabisa hufa ndani ya miaka milioni chache tu. Ukizikuta zimekusanyika, basi hapo au jirani ndipo zilipozaliwa. Mwaka 1951 mwanaastronomia William Morgan alizitumia kuonyesha mikono ya Njia Nyeupe iliyo karibu na Jua. Leo vijana wangu wa kidato cha sita wanaifanya kazi hiyo kwa laptopu moja, na data ni bure.

Ingia kwenye hifadhi ya Gaia, setilaiti ya kupima nyota ya Shirika la Anga la Ulaya, toleo la tatu (2022). Humo mna nyota karibu bilioni 1.8, kwa hiyo omba safu chache: l na b (longitudo na latitudo ya nyota katika Njia Nyeupe), paralaksi (jinsi nyota inavyoonekana kusogea Dunia ikizunguka Jua, kwa elfu za sekunde ya tao) na kosa lake, mng'ao wa G (mwanga unaoonekana). Ongeza mng'ao wa J, H na K, bendi tatu za infraredi, kutoka 2MASS, orodha ya nyota za anga lote.

Umbali kwa parseki (moja ni kama miaka ya mwanga 3.26) ni 1000 gawanya kwa paralaksi. Jaribu kwanza kwa Kilimia: paralaksi yake ni kama 7.4, yaani parseki 135. Tupa nyota yoyote ambayo paralaksi yake haifiki mara kumi ya kosa.

Sasa tuje kwenye kuchuja, na hapa naomba utulie. Usichague kwa ubuluu peke yake! Vumbi la angani hula mwanga wa buluu, hivyo nyota ya B iliyo nyuma yake huonekana ya machungwa. Na vibete vyeupe, yaani masalia ya nyota zilizokufa, ni vya buluu ilhali ni vizee. Tafuta mng'ao halisi: K, toa 10, jumlisha 5 mara logi ya paralaksi. Bakiza zilizo chini ya sifuri, maana kwenye kipimo hiki namba ndogo ndiyo mng'ao mkubwa. Vibete vyeupe vyote vitaanguka. Majitu mekundu yatabaki, ila ukichora J−H (J toa H) dhidi ya G−K yatapanda juu, na nyota za moto, hata zilizofunikwa na vumbi, zitapita mstari wa chini. Chukua huo mstari.

Zidisha umbali kwa kosaini ya b, kisha mara moja kwa kosaini ya l, na mara nyingine kwa saini yake. Hizo ndizo x na y, Jua likiwa katikati. Kwa kuchora, programu ya majedwali ya TOPCAT inatosha. Utaona rundo la kundinyota la Jabari kwenye parseki 400 hivi, na la Nge na Kantarusi karibu 140. Nyota zing'aazo kupita kiasi, kama Rijili ya Jabari, Gaia haina. Zichukue kwa Hipparcos, setilaiti iliyoitangulia.